Mpe Mzee Wako Firimbi

Wengi wanaotaka kuandika riwaya ya kuchekesha juu ya mstaafu huanza na meno ya bandia na kusahau majina. Acha hayo. Msomaji atacheka ukurasa mmoja, wa pili ataona huruma, wa tatu atakifunga kitabu. Kwanza jua mzee wako alikuwa akifanya kazi gani, maana mtu akistaafu na miaka 60 kazi haimtoki mwilini.

Mimi ni wa Wete, Pemba, kwa hivyo wangu ni karani wa mizani ya karafuu. Tumwite Mzee Faki. Ujana wote alikuwa akichota konzi guniani, anachagua moja, anaivunja karibu na sikio. Ikilia "ta", imekauka. Isipolia, kaanike tena. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, yakichanganywa akiyaona kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Sasa yuko nyumbani, kiinua mgongo kimeishia kwenye bati, na anapima vitunguu vya mkewe. "Baba Hamad, hebu nenda barazani." Barazani nako wamemchoka: amesimamisha bao ahesabu kete.

Hapo mpe jambo la kufanya, na liwe dogo. Asiokoe kijiji. Watoto wa mtaani hawana refa, mpe firimbi.

Usimfanye Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, lakini. Yule alipata tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa bibi kizee, ila kuimba alianza utotoni. Iliyochelewa ni dunia. Mzee wako amechelewa mwenyewe, na raha ya hadithi iko hapo.

Kicheko chetu hukaa ndani ya heshima. Kijana anayebisha penalti hawezi kumvamia mtu wa makamo ya babu yake:

"Shikamoo babu."
"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"
"Hawajambo. Babu, mpira haukunigusa mkono."
"Umekugusa. Msalimie mama'ako."

Mazungumzo haya yaache marefu, golikipa asubiri. Mtoto akijigaragaza chini, Mzee Faki humwinamia, humbonyeza ugoko, hutega sikio. "Haukulia. Inuka." Yeye mwenyewe hachekeshi, anafanya kazi. Siku atakapojua kwamba anachekesha, riwaya imekufa.

Angalia na miaka. Ukitaka apokee pensheni jamii, ile ya wazee inayotolewa na Serikali ya Zanzibar, awe ametimiza 70 na hadithi isiwe kabla ya 2016, ilipoanza. Wasomaji wa huku watakushika hapo hapo.

Katikati ya kitabu leta msimu. Karafuu zikiiva wachezaji wote wamo mikarafuuni, kiwanja kitupu, na mtu anakuja kumwomba arudi mizanini kwa muda tu. Sura hii iandike polepole. Anakwenda, anavunja karafuu, inalia vizuri kabisa, na anajikuta anaangalia saa kama alasiri imefika.

Neno "maana ya maisha" lisitokee popote. Mkewe aliyekuwa akimfukuza jikoni anamfulia kikoi cha mechi huku ananung'unika, msomaji ataelewa. Na usimzike mwishoni, jamani, tumezika wazee wa kutosha katika riwaya. Mwache na goli ambalo timu zote mbili zinaligombania, na yeye hajapuliza.

Ukikaa kuandika, anza na ile penalti. Alizaliwa wapi na alisoma skuli gani, tutajua huko mbele kama kuna haja.