Mdogo wangu anapobadilika ghafla

Mdogo wangu ana miaka 31, ana ulemavu wa akili, na maneno yake ni machache. Mwaka jana aliacha kula, akawa analala uvunguni na kumkimbia kila apigaye hodi. Majirani wakasema, "Si ndivyo alivyo?" Sivyo alivyo! Mtu kama huyu akibadilika, usikimbilie kuulaumu ulemavu wake.

Anza na mwili: jino, sikio, choo kigumu, mkojo unaochoma. Mimi humchorea mtu kwenye daftari, naye huweka kidole panapouma. Andika pia alilalaje, alikula nini, alishinda na nani. Daktari wa akili atalihitaji daftari hilo.

Ukishuku ameingiliwa kimwili, usimwogeshe wala usifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hapa Tanzania nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, mchukue PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali. Kituo kikiwa mbali, hospitali kwanza, kwani dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Muulize maswali mafupi, moja moja, bila kumlisha maneno. Mpigie afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Na msiyamalize kifamilia, hata kama anayeshukiwa ni mjomba.