Kusafiri kwa matatu na mtu mzima mwenye usonji

Unapoandamana na mtu mzima mwenye usonji (autism) kutoka mtaa wa Kawangware kwenda mjini Nairobi, epuka matatu za saa moja asubuhi, kwa kuwa muziki, honi na kelele za makanga huweza kumchosha kabla hata gari halijaondoka steji. Usiku uliotangulia, mwonyeshe picha za safari kwa mpangilio: steji, nauli mkononi, kiti cha dirishani, mahali pa kushukia. Njiani, mwambie jambo moja tu, kisha unyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia, maana wengi wetu, nami nikiwemo, hurudia upesi mno. Nauli aitoe mwenyewe. Makanga akikuuliza wewe mwenzako anashukia wapi, mwombe amuulize yeye.