Jinsi Mwanamke Mwenye Karakana ya Uchapaji Anavyoweza Kuomba Zabuni za AGPO Nchini Kenya

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inazitaka ofisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kupitia mpango uitwao AGPO (Access to Government Procurement Opportunities). Vitabu vya risiti na fomu ni kazi ambazo karakana ndogo inazimudu vizuri, lakini cheti cha AGPO hakikupigii hesabu ya karatasi, na hapo ndipo wengi wetu hupata hasara.

Hatua ya kwanza ni usajili. Sajili biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pata PIN na cheti cha kutodaiwa kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato, kisha uombe cheti cha AGPO, ambacho hutolewa bila malipo. Ikiwa ni kampuni, wanawake wamiliki angalau asilimia 70 na uongozi wote uwe wao. Wapo wenye mitambo mikubwa watakaotaka kukodi cheti chako. Kataa, kwa sababu kazi ikiharibika jina litakaloandikwa ni lako.

Hatua ya pili, ambayo naomba uifanye polepole, ni bei. Tuseme ofisi inataka vitabu 200 vya risiti vya A5, kila kimoja seti 50 za nakala mbili. Hizo ni karatasi 10,000 nyeupe na 10,000 za njano, za aina inayojinakili bila kaboni. A4 moja hutoa A5 mbili, kwa hiyo unahitaji rimu 10 (kila moja karatasi 500) za kila rangi, na mimi huongeza nusu rimu kwa kila rangi kwa ajili ya zile zinazoharibika mashine ikirekebishwa. Ongeza majalada, kupiga namba, gundi, kukata na usafiri, ndipo uweke faida. Dhamana ya zabuni, yaani hakikisho la fedha kwamba hutajiondoa, isikutishe, maana kundi letu hujaza na kutia saini fomu ya tamko badala yake.

Ukishapata LPO, yaani agizo rasmi la ununuzi kutoka ofisi hiyo, jaribu karatasi kabla ya kuchapa: weka nyeupe juu ya njano, andika kwa kalamu, uone kama mwandiko umetokea chini. Ikiwa umeipanga kinyume, hautatokea. Kisha peleka nakala ya mfano isainiwe, pamoja na namba ya kuanzia. Ofisi moja iliniambia kwa simu nianze na 00001, nami nikaanza. Mhasibu wao akavikataa vitabu vyote kwa kuwa vya zamani vilikuwa vimefika 04500, na nikachapa upya kwa fedha zangu kwa sababu sikuwa na saini ya mtu yeyote.

Malipo huja baada ya kupeleka mzigo, na huweza kuchelewa kwa miezi. Ukikosa fedha za karatasi, Hazina ya Wanawake (Women Enterprise Fund) hukopesha kwa kutegemea LPO. Siku ya kupeleka mzigo, hesabu vitabu mbele ya mpokeaji, hati ya mapokezi isainiwe na kupigwa muhuri, nawe uondoke na nakala yako.