Somo: Kupima kutanuka kwa ulimwengu kwa data za galaksi

Anga la Dodoma wakati wa kiangazi ni safi kweli, ila leo hatulihitaji. Andaa bando, karatasi na kikokotoo.

Hatua ya 1. Fungua data za SDSS, mradi wa darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico, Marekani. Ni za bure. Chagua galaksi, tazama spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi.

Hatua ya 2. Tafuta mstari mwekundu wa haidrojeni. Kwenye ombwe hukaa nanomita 656.5 (vitabu vingi huandika 656.3, kipimo cha hewani, SDSS hutumia ombwe). Tuseme wako upo 669.6. Toa, gawa kwa 656.5, unapata 0.02. Zidisha kwa kasi ya mwanga: galaksi inatukimbia kilomita 6,000 hivi kwa sekunde. Mkato huu ni wa galaksi za karibu tu.

Hatua ya 3. Umbali. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wanachukua 70 ya vitabuni, yaani kasi ya kutanuka (kasi ya galaksi ukiigawa kwa umbali wake, kwa kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, ambayo ni miaka nuru milioni 3.26), wanakokotoa umbali kwayo, kisha wanatangaza wamepata 70! Umbali lazima upimwe kwa njia nyingine.

Njia ya sensa ya galaksi, yaani kupima galaksi nyingi kwa pamoja, ni hii. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto, mawimbi ya sauti yalipita ndani yake yakaacha alama: jozi za galaksi zilizoachana miaka nuru milioni 490 hivi ni nyingi kidogo kuliko inavyotarajiwa. Fikiria nguzo za umeme barabara ya Singida. Ukijua nafasi kati ya nguzo na nguzo, jinsi zinavyoonekana kusongamana kule mbele kunakuambia ziko mbali kiasi gani. Alama hiyo ilionekana mwaka 2005, na haionekani kwa galaksi mia mbili. Zinatakiwa maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana DESI, chombo cha kupima spektra za galaksi kule Arizona, Marekani, hupokea mwanga kwa faiba (nyuzi za kioo) 5,000 kwa mpigo.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Kondoa: Mwalimu, na sisi tunatanuka?*
Hapana, ndugu yangu. Mvutano unatushikilia. Hata galaksi ya Andromeda inatusogelea.

*Mdau wa Mpwapwa: Mbona kasi ya kutanuka wengine wanasema 67, wengine 73?*
Urefu wa kipimo chetu, ile nafasi ya miaka nuru milioni 490, hutokana na mwanga wa kale wa ulimwengu, na njia hiyo hutoa 67 au 68, kwa kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki. Wanaotumia nyota za Cepheid (nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio) na supanova (nyota zinazolipuka) kupima umbali hupata karibu 73. Bado hawajapatana, na kila upande umeshakagua hesabu zake mara nyingi.