Kupima mshikamano wa theta na gama msikilizaji anapoelewa Kiswahili

Theta na gama ni mawimbi ya umeme wa ubongo, theta la polepole na gama la kasi; mshikamano ni gama kupanda na kushuka kwa kuifuata theta. Programu ya kompyuta itakupa namba ya mshikamano hata ukiipa kelele tupu. Kwa hiyo nguvu nyingi ziweke kwenye hatua ya 3 na ya 5.

1. Mwombe mshiriki aje amefumua rasta au wivingi na kuosha nywele, bila mafuta, maana elektrodi, kile kidude kinachonasa umeme wa ubongo, inataka ngozi ya kichwa. Kwa joto letu la Dar, washa kiyoyozi mapema: jasho huyumbisha mawimbi ya polepole. Mwambie alegeze taya na asitafune kitu. Umeme wa misuli huingia moja kwa moja kwenye gama.

2. Msikilizishe simulizi ya Kiswahili, kisha simulizi hiyohiyo ikichezwa kinyumenyume. Masafa ya sauti ni yaleyale, maana imepotea. Baada ya simulizi muulize maswali mawili matatu. Wengine husinzia, tena macho wazi.

3. Chuja, yaani bakiza masafa unayoyataka tu. Theta ni hezi (mizunguko kwa sekunde) 4–8, karibu na kasi ya silabi katika mazungumzo. Gama ndiyo yenye mtego. Theta ya hezi 8 ikiipandisha na kuishusha gama ya hezi 38, alama za mshikamano huo hutokea pembeni, kwenye hezi 30 na 46 (38 kutoa na kujumlisha 8). Ukichuja 36–40 tu, umezikata, na mshikamano hutauona hata kama upo. Chuja 30–46. Hapo pia umeme wa ukutani, ambao kwetu ni hezi 50, unabaki nje ya mipaka.

4. Kwa mbinu ya Hilbert, ambayo ni ya kihisabati, chukua awamu ya theta (wimbi limefika wapi katika mzunguko wake) na nguvu ya gama, kila nukta ya wakati. Gawa mzunguko wa theta vipande 18 vya digrii 20, tafuta wastani wa gama katika kila kipande, kisha kokotoa kipimo cha Tort, kinachoonyesha vipande vinatofautiana kiasi gani. Vipande vikilingana, jibu ni sifuri. Programu ya MNE-Python ni ya bure na inatosha kwa kuchuja na Hilbert. Kipimo chenyewe ni mistari michache ya msimbo wa kompyuta.

5. Sasa jaribu kulivunja jibu lako. Sogeza gama mbele kwa muda wa nasibu huku theta ikibaki palepale, pima upya, rudia mara 200. Namba halisi isipozipita karibu zote hizo, huna kitu. Ikizipita, itazame theta yenyewe kwa macho: wimbi lenye ncha kali huzaa gama ya uongo. Mwisho, data ya simulizi na ya kinyumenyume ziwe na urefu sawa, kwani data fupi hukuza kipimo.