Somo: Kupamba Nyumba ya Texas kwa Krismasi au Idd bila Kupigwa Faini na HOA

Wengi wetu tulionunua nyumba Houston au viunga vya Dallas tumo katika mitaa yenye chama cha wenye nyumba, ambacho kila mtu hapa hukiita HOA, na masharti yake tuliyakubali siku ya kukabidhiwa funguo, yakiwa yamefukiwa katika rundo la karatasi ambazo ni wachache waliozisoma. Somo hili linahusu Texas peke yake. Aliye Ohio au Minnesota aangalie sheria za kwake.

Hatua ya 1. Kabla ya kununua hata taa moja, utafute waraka wa masharti ya mtaa wako. Ikiwa nakala imepotea, waraka huo umeandikishwa katika ofisi ya karani wa kaunti. Soma hasa kifungu cha mapambo ya sikukuu, kwa sababu mara nyingi hutaja tarehe ya kuyaweka na tarehe ya kuyaondoa, na hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau.

Hatua ya 2. Tenganisha pambo la dini na pambo la kawaida. Kifungu cha 202.018 cha Sheria ya Mali ya Texas, kilichopitishwa mwaka 2011, kililinda alama ya dini iliyowekwa mlangoni tu, tena kiliiruhusu HOA kuzuia chochote kilichozidi inchi za mraba 25, eneo linalokaribia sahani ya kikombe cha chai. Mwaka 2021 kipimo hicho kilifutwa, na ulinzi ukapanuliwa hadi uwanjani na kwenye nyumba nzima, mradi pambo linatokana na imani ya dhati ya mkazi. Pango la Noeli linaingia humo, na mwezi na nyota ya Idd vilevile. Baba Krismasi wa kujazwa hewa na kulungu wake, kwa maoni yangu, ni vigumu kuwatetea kwa kifungu hicho, kwa hiyo wao watabaki chini ya masharti ya mtaa.

Hatua ya 3. Usivuke mipaka iliyobakizwa na sheria hiyo hiyo. HOA bado inaweza kukuzuia ikiwa pambo linahatarisha usalama au afya, lina maneno au picha za kuudhi waziwazi, limewekwa kwenye eneo la pamoja, limeingia hifadhi ya barabara, au limefungwa kwenye nguzo ya umeme, taa ya mtaani au bomba la zimamoto.

Hatua ya 4. Umeme wa hapa ni volti 120, hivyo zile taa ulizobeba kutoka Dar es Salaam au Nairobi ziache sandukuni. Za nje ziwe zimeandikwa kwamba ni za matumizi ya nje.

Hatua ya 5. Ukipata barua, usinyamaze. Kwa kawaida, kabla ya kukutoza faini, HOA hulazimika kukuandikia kwa barua ya rejista na, kama kosa linarekebishika, kukupa muda wa kulirekebisha; nawe una siku 30 tangu barua ilipotumwa kuomba kusikilizwa. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpangaji. Je, sheria hii inanihusu?
Jibu: Marahaba, dada. Kifungu kinamtaja mwenye mali na mkazi pia, lakini kinaibana HOA. Mkataba wako na mwenye nyumba ni jambo jingine, kwa hiyo muulize kabla ya kupigilia msumari ukutani kwake.

Swali: Naweza kuweka spika uwanjani ipige nyimbo za Noeli usiku?
Jibu: Taa na spika si kitu kimoja, ndugu yangu. Kelele zina kanuni za jiji, na pambo linalovunja sheria nyingine halali halilindwi.

Swali: Jirani yangu huacha taa hadi Pasaka wala haandikiwi, mimi niliandikiwa kwa mwezi na nyota baada ya wiki moja. Nifanyeje?
Jibu: Kifungu cha 202.004 huchukulia kwamba uamuzi wa HOA ni wa busara, isipokuwa ithibitike mahakamani kwamba ulikuwa wa kiholela au wa ubaguzi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Piga picha za nyumba zote mbili kutoka barabarani, zenye tarehe, uende nazo siku ya kusikilizwa. Wakiendelea, Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi wa dini katika nchi nzima, na hapo ni wakati wa kumwona wakili.