Namna ya kubadilisha mfumo wa udhibiti katika kituo kikongwe cha kusukuma mafuta

Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilomita zipatazo 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, na hupita katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya. Mwongozo huu ni wa fundi wa vifaa vya vipimo ambaye, katika nyanda hizi, anakabidhiwa kituo cha kusukuma mafuta cha rika hilo, chenye kabati la rilei (swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme) na geji za mshale, na kutakiwa aweke kidhibiti cha kielektroniki bila kusimamisha mafuta kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: chora kilichopo. Michoro ya ofisini iweke kando kwanza. Fungua kabati, ufuate waya mmoja mmoja kwa multimita kutoka terminali hadi kwenye kifaa chenyewe, na uandike unachokiona. Katika kabati lililopita mikononi mwa mafundi wengi utakuta vipande vya waya vinavyounganisha terminali mbili bila maelezo yoyote, na hapo ndipo pa kutulia. Mfano wa kawaida ni waya unaoiruka swichi ya shinikizo dogo upande wa pampu unaovuta mafuta: pampu inapowashwa shinikizo hushuka kwa sekunde chache, swichi inaizima, na fundi wa zamu aliyechoka kuwasha upya anaitoa swichi kazini. Tangu siku hiyo pampu haina kinga ya kuzunguka kavu. Ukiunakili waya huo kwenye programu mpya, umeirithi hatari. Ukiuondoa tu, pampu itagoma kuwaka na watu wa zamu watautia tena usiku. Tiba yake ni kuirudisha swichi kazini na kuipa programu subira ya sekunde chache wakati wa kuwasha pekee. Kwa sababu hiyo, wahoji waendeshaji wa zamu kabla hujaandika mstari wowote wa programu.

Hatua ya pili: tenga ulinzi na uendeshaji. Kitufe cha dharura na kinga ya shinikizo kubwa viwe na saketi yake, isiyotegemea kidhibiti kinachoendesha pampu; kiwango cha kimataifa cha IEC 61511 kinaeleza misingi ya jambo hili. Muuzaji atakwambia kuwa kidhibiti chake kinamudu yote mawili. Mimi hilo silikubali.

Hatua ya tatu: radi. Mvua zetu hunyesha takriban Novemba hadi Aprili na huja na radi, ilhali rilei huvumilia mishtuko ya umeme inayounguza kadi za kielektroniki. Pima ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini), uunganishe ya kabati na ya jengo ziwe mfumo mmoja, na uweke vizuia mshtuko kwenye kila waya wa ishara unaotoka nje. Kazi hii ifanyike kiangazi.

Hatua ya nne: transmita, yaani kifaa kinachogeuza kipimo, kama shinikizo, kuwa mkondo wa umeme unaosomwa na kidhibiti. Miliampia 4 ni mwanzo wa kipimo na 20 ni mwisho wake. Mkondo ulio chini ya 3.6 au juu ya 21 programu iuhesabu kuwa hitilafu ya kifaa, isiusome kama shinikizo. Usifungue kiboksi chochote karibu na pampu kabla ya kupata kibali cha kazi, kupima gesi na kufunga umeme kwa kufuli.

Hatua ya tano: jaribu programu yote mezani kwa ishara za kuigiza, waendeshaji wakiwepo.

Hatua ya sita: hamisha pampu moja moja, nyingine zikibaki kwenye rilei. Uangalifu mkubwa zaidi uwe kwenye vali. Katika miteremko yetu dizeli huongeza shinikizo la baa zipatazo 8 kwa kila mita 100 za kushuka ikiwa imetulia bombani, na vali ikifungwa ghafla wakati mafuta yanakwenda, wimbi la shinikizo huongezeka juu ya hapo. Vali nyingi kongwe za mota hufunga polepole kwa sababu ya gia zake, kwa hiyo pima kwa saa muda wake wa kufunga na uweke muda huohuo kwenye mpya, hadi mhandisi wa bomba athibitishe kwa hesabu kuwa unaweza kupunguzwa. Kabati la rilei lising'olewe ukutani kabla mfumo mpya haujapita msimu mzima wa mvua.